Nani Atakuwa Macho Saa Tisa Usiku? Nesi wa Wakala, Mzazi Anayelipwa au Kituo cha Mchana

Baba wa mtoto alisikiliza maelezo yote kwa adabu, mikono kaikunja kifuani, kisha akanigeukia mimi mkalimani badala ya daktari. "Dada, hebu waulize vizuri. Huyo nesi ni mwanamke mgeni, halafu alale ndani ya nyumba yangu?"

Nikauliza. Mratibu akajibu, nami nikalirudisha jibu kama lilivyo: "Halali, baba. Analipwa ili asilale."

Mama, aliyekuwa kimya tangu kikao kianze, akainua uso. "Usiku kucha?"

"Usiku kucha, mama."

Mtoto wao alikuwa na miaka miwili. Shingoni ana mrija wa kupumulia, ule ambao kila mtu hospitalini huuita traki. Tumboni ana mrija wa kulishia, na usiku huunganishwa na mashine ya kupumulia. Hospitali ilikuwa tayari kumruhusu. Nyumbani kulikuwa na vyumba viwili, watoto wengine wanne, baba wa zamu ya jioni kwenye kiwanda cha nyama, na bibi aliyefika kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, mwaka uliotangulia. Mezani palikuwa na makaratasi ya njia tatu tofauti za kumtunza mtoto huyo, yote kwa Kiingereza.

Nimekaa kwenye vikao vya namna hii mara nyingi, katikati ya familia za Kikongo, Kitanzania, Kikenya na Kirundi zinazoishi Marekani. Nikiwa kazini hairuhusiwi nitoe maoni yangu, natafsiri tu. Hapa siko kazini. Naandika kwa wazazi ambao mtoto wao ana Medicaid, bima ya afya ya serikali inayoangalia kipato, au yuko njiani kuipata. Msomaji wa Dar au Nairobi atapata humu maswali ya kuuliza, ila mfumo wa malipo ni wa Marekani.

Kwa nini serikali ilipie nesi nyumbani kwako

Wazazi wetu wengi huona haya kuomba nesi, kana kwamba wanaomba zawadi. Si zawadi. Mwaka 1978 alizaliwa mtoto mmoja huko Cedar Rapids, Iowa, aitwaye Katie Beckett. Akiwa mchanga alipata maambukizi ya ubongo, akabaki akitegemea mashine ya kupumulia. Medicaid ilikubali kumlipia akiwa hospitalini. Akirudi kwao, kipato cha wazazi wake kingemwondoa kwenye bima. Novemba 1981 Rais Reagan aliutaja mkasa huo hadharani kama mfano wa urasimu usio na akili, na mwaka 1982 sheria ikabadilishwa. Tangu hapo jimbo linaweza kuangalia kipato cha mtoto peke yake na kuacha cha wazazi. Katie alifariki mwaka 2012, akiwa mtu mzima aliyeishi miaka mingi nje ya hospitali.

Kuna kanuni nyingine yenye herufi ngumu, EPSDT. Inasema mtoto aliye chini ya miaka 21 mwenye Medicaid apewe matibabu yanayohitajika kiafya, na uuguzi wa nyumbani umo. Zikariri herufi hizo. Ukizitamka kwenye simu, anayekusikiliza upande wa pili hubadilisha sauti.

Mambo matano ya kupimia

La kwanza ni usiku: saa tisa, nyumba ikiwa kimya na mashine ikianza kulia, nani yuko macho? Mwongozo wa mwaka 2016 wa American Thoracic Society kuhusu watoto wanaotumia mashine za kupumulia nyumbani unataka mtu aliyefundishwa awepo, tena macho, muda wote, na wanafamilia wasiopungua wawili wafundishwe kazi yote. Usisome neno "muda wote" haraka haraka. Ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata.

La pili ni ujuzi na ruhusa, maana kujua kufanya jambo na kuruhusiwa kulifanya kwa malipo ni vitu viwili. La tatu, pesa. La nne, nyumba yenyewe: lugha, faragha, desturi. La tano ni siku inapoharibika, yaani mtu asipotokea, umeme ukikatika, mama akiugua.

Upendo haumo kwenye orodha hii. Sijawahi kuukosa chumbani.

Njia ya kwanza: manesi wa wakala

Wakala ni kampuni inayoajiri manesi na kuwapeleka majumbani. Usiku ndiko njia hii inakoshinda. Zamu ya kawaida huanza saa moja jioni hadi saa moja asubuhi, au saa tano usiku hadi alfajiri. Nesi hukaa kando ya kitanda, huvuta makohozi kwa mashine, huangalia oksimita, kipimo cha oksijeni kwenye damu, huandika kila alichokifanya. Wazazi hulala. Mama mmoja aliniambia kwamba usiku wa kwanza aliamka mara sita kwenda kuchungulia, usiku wa pili mara mbili, na wa tatu akaamshwa na jua. Alilia kwa hofu, akidhani mtoto amekufa.

Lakini saa zilizoidhinishwa ni karatasi. Barua inaweza kusema saa 80 kwa wiki, na wakala akapata watu wa saa 50 tu. Malipo ya Medicaid kwa kazi ya nyumbani kwa kawaida huwa chini ya yale ya hospitali, kwa hiyo manesi huhama. Swali la kumuuliza wakala liwe: "Mna manesi wangapi walio tayari kuja mtaa wetu kuanzia wiki ijayo?" Ukiuliza kama wana manesi, jibu ni ndiyo siku zote.

Kwa ujuzi, atakayekuja ni RN, nesi aliyesajiliwa kikamilifu, au LPN wa ngazi inayofuata (Texas na California humwita LVN). Wote wawili wanaruhusiwa kutoa dawa, kulisha kwa mrija, kutunza traki na mashine. Ila leseni haisemi kama amewahi kumhudumia mtoto mwenye traki. Wapo wanaotoka moja kwa moja kwenye nyumba za wazee. Omba zamu mbili za kwanza ukae naye. Mwangalie anavyonawa mikono, na kama anahakikisha traki ya akiba ya saizi ileile na nyingine ndogo kidogo ziko kichwani mwa kitanda. Asipozitafuta mwenyewe bila kuambiwa, mpigie msimamizi wake.

Pesa hailipwi na familia. Vita ni vya saa. Mtoto akiendelea vizuri, bima huandika barua ya kupunguza. Barua hiyo ina tarehe. Ukikata rufaa ndani ya siku 10, kabla punguzo halijaanza, na ukaomba waziwazi huduma ziendelee, kwa kawaida saa hubaki zilivyo mpaka uamuzi utoke. Uliza pia kama utadaiwa chochote ukishindwa. Nimeona familia zikipoteza saa kwa sababu barua ilikaa juu ya friji ikisubiri kijana mwenye Kiingereza arudi chuoni.

Nyumba, sasa. Hapa panahitaji kusemwa kwa urefu, kwa sababu vipeperushi huparuka.

Yule baba wa kiwandani alikuwa anarudi saa saba usiku. Kabla ya nesi, alikuwa anaingia, anavua, anafunga shuka, anapasha ugali, anakula amesimama jikoni. Sasa anafungua mlango, na sebuleni pana taa, mwanamke na daftari. Wiki mbili alikula ndani ya gari. Hakumwambia mtu, nililijua kwenye kikao cha mwezi alipoulizwa kama kuna tatizo lolote. Suluhisho lilikuwa pazia la bei ndogo na makubaliano kwamba nesi akae chumbani na mtoto kuanzia saa sita na nusu. Kitu kidogo, lakini kwa kukosa kusemwa kingevunja mpango mzima.

Kuna ubani na udi. Moto na oksijeni havikai chumba kimoja, na moshi ni adui wa mapafu ya mtoto mwenye traki. Mwambie bibi mapema, kwa heshima, na mumtafutie pa kuchomea nje. Asije akaambiwa na nesi mgeni mwenye sauti kali, maana siku hiyo nesi ataonekana amekuja kupiga vita dini ya watu.

Na kuna lugha. Nesi mmoja wa mchana alimaliza zamu ya Jumamosi akaacha agizo: dawa ya kifafa itolewe tena saa 8 jioni, kwa hesabu ya Kimarekani. Mjukuu wa miaka 11 akamtafsiria bibi: saa nane. Bibi saa zake zinafuata jua tangu Uvira. Akampa mtoto dawa saa nane mchana, kamili, kwa uangalifu mkubwa, na saa mbili usiku hakumpa kitu kwa kuwa alikuwa ameshampa. Alfajiri mtoto akaanza kutetemeka, wakaishia chumba cha dharura. Bibi hakukosea kutii, mjukuu hakukosea kuhesabu. Aliyekosea ni mtu mzima aliyemtumia mtoto kama mkalimani.

Kanuni za sheria ya afya ya mwaka 2010 zinakataza kumtumia mtoto kutafsiri isipokuwa kwenye dharura ambapo hakuna mtu mwingine, na sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 inawabana wote wanaopokea fedha za serikali kuu. Wakala anayelipwa na Medicaid yumo. Ana wajibu wa kukupatia mkalimani bila malipo, hata kwa simu. Kwenye nyumba ile tulichora ratiba ya dawa yenye jua, mwezi na uso wa saa, ikabandikwa ukutani. Mpaka leo nawashauri watu wachore, wasiandike namba peke yake.

Siku inapoharibika: simu inalia saa kumi na mbili jioni. Nesi anaumwa, au theluji imefunga barabara, na wakala hana wa kumweka badala yake. Usiku huo nesi ni wewe. Ndiyo maana hospitali haimruhusu mtoto kabla hujafundishwa.

Njia hii inawafaa wenye mtoto anayetegemea mashine usiku na wazazi wanaofanya kazi. Haiwafai sana wanaoishi mbali na miji, wala wasioweza kabisa kustahimili mtu wa nje sebuleni. Nao hao wapo, na si kosa.

Njia ya pili: mzazi kuajiriwa kumtunza mwanawe

Baadhi ya majimbo yanamruhusu mzazi kupata mafunzo, kuajiriwa na wakala na kulipwa kwa saa anazomhudumia mtoto wake. Colorado imeruhusu hivyo kwa miaka mingi kupitia cheti cha CNA, yaani msaidizi wa nesi. Arizona ilipitisha sheria yake mwaka 2021, na kuanzisha leseni ya wanafamilia wa watoto wenye mahitaji makubwa. Florida ikafuata mwaka 2023. Masharti hayafanani, na habari ya binamu yako aliyeko Denver haikuhusu ukiwa Kentucky.

Usiku: hakuna kilichobadilika. Cheti hakiongezi usingizi. Mama aliyekuwa akiamka mara nane usiku bila mshahara ataamka mara nane akiwa na mshahara. Hili husahaulika kwenye furaha ya kusikia kuna malipo, nami nalitaja kila mara nikiulizwa nje ya kazi.

Ujuzi: mafunzo ya CNA hayapungui saa 75 kwa kiwango cha serikali kuu, na majimbo mengi huongeza. Mtihani mara nyingi ni kwa Kiingereza. Akina mama waliosoma mpaka darasa la sita Fizi au Kasulu wameupita, baada ya kukariri vipengele vya vitendo jikoni, mto ukiwa mgonjwa na sufuria ikiwa beseni. Tatizo liko kwingine. CNA haruhusiwi kufanya kazi zote za nesi. Kama mama, unabadilisha traki, unaendesha mashine, unatoa dawa. Kama CNA, unalipwa kwa kuogesha, kugeuza, kuvisha, na yale ambayo jimbo limeyaruhusu. Leseni ya Arizona inapanuka zaidi, inafika kwenye dawa, traki na kulisha kwa mrija. Kwa hiyo saa utakazolipwa huenda zikawa chache kuliko saa unazofanya. Uliza kabla hujaacha kazi.

Pesa ndiyo mvuto wake mkubwa, nayo ni pesa halali ya jasho. Lakini ingia na kalamu. Mshahara huo unaweza kugusa msaada wa chakula, na kodi ya nyumba kama mnalipa kwa kipimo cha kipato. Upande mwingine, tangu mwaka 2014 idara ya kodi ya serikali kuu imeruhusu baadhi ya malipo ya mipango maalumu ya Medicaid, ile watu wanayoiita weva, yasitozwe kodi ya mapato ikiwa anayetunza anaishi nyumba moja na anayetunzwa. Si kila malipo yanaingia humo. Dola hamsini za kumwuliza mtaalamu wa kodi zitarudi.

Nyumba: hakuna njia inayoishinda hii. Kiswahili asubuhi, Kiswahili jioni. Mtoto anaogeshwa na anayejua kwamba akikunja kidole gumba ana maumivu. Hakuna kueleza kwa nini wageni kumi wamekuja kuomba Jumapili.

Siku inapoharibika: hapa ni dhaifu. Mama akipata homa, hakuna zamu nyingine. Mtoto akilazwa, kwa kawaida malipo husimama, kwa sababu hospitali ndiyo inamhudumia. Mshahara unakatika wiki ileile mnayolipa maegesho na chakula cha hospitalini. Tena kwa mila zetu kazi hii huangukia kwa mama bila mjadala. Alikuwa mpishi, dereva na mfuaji. Sasa ni nesi mwenye daftari la saa. Baba wa familia moja alichukua cheti yeye, wakwe wakanong'ona miezi mitatu, kisha wakazoea.

Inamfaa mtoto ambaye usiku wake umetulia, na nyumba yenye mtu mzima wa pili aliyefundishwa kweli, si aliyetazama tu.

Njia ya tatu: kituo cha mchana

Kuna vituo vinavyopokea watoto wanaohitaji nesi, vinavyojulikana kama PPEC, au PPECC ukiwa Texas. Mtoto anachukuliwa asubuhi, mara nyingi kwa gari la kituo lenye mhudumu, anashinda na manesi na watoto wenzake, anarudishwa jioni. Florida ina vingi, Texas inavyo, majimbo mengine mengi hayana hata kimoja. Tafuta kwanza kama kipo, usije ukashawishika na kitu kisichokuwapo.

Usiku hakigusi. Kina kikomo: Texas na Florida mtoto hazidi saa 12 kwa siku. Lakini mzazi wa zamu ya usiku hulala mchana mtoto akiwa huko, na kwa watu wetu wa viwandani hiyo ndiyo hesabu inayolipa.

Ujuzi ni mzuri, kwa sababu manesi wako pamoja chini ya msimamizi, na wataalamu wa mazoezi na wa kuongea huja hapohapo. Mtoto hupata jambo ambalo nyumbani halipo, yaani watoto wengine. Nilimwona mmoja wa miaka mitatu, mwenye traki, akigombania mdoli na mwenzake mwenye traki. Mama yake alipiga video ya ugomvi ule akaituma Bujumbura.

Pesa: Medicaid hulipa. Jihadhari tu kwamba saa za kituo na saa za nesi wa nyumbani mara nyingi hutoka kwenye kapu moja. Texas ni hivyo. Ukichukua saa 40 za kituo, usitarajie zile za nyumbani zibaki kama zilivyokuwa. Panga ili za nyumbani zibakie usiku.

Nyumba inabaki yenu. Lugha ya kituoni itakuwa Kiingereza na Kihispania. Tuma karatasi yenye maneno kumi ya Kiswahili ya mtoto: maji, inauma, mama, bado, na mengine.

Siku ikiharibika, kituo hakitegemei nesi mmoja, na hiyo ni nafuu. Ila mtoto mwenye homa harudi huko mpaka apone, na majira ya baridi yenye virusi vya mapafu homa ni nyingi. Daktari wa mapafu aulizwe kabla ya mwezi wa kumi.

Mtoto akifikia umri wa shule, swali la mchana hubadilika. Mwaka 1999 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya mwanafunzi Garret F., kwamba wilaya ya shule lazima imgharimie nesi wa kukaa naye darasani. Wilaya yenyewe ilikuwa Cedar Rapids, mji uleule wa Katie Beckett. Kwa hiyo shule ikikwambia haina nesi, jibu lao si mwisho wa mazungumzo.

Na kumwacha kwenye taasisi?

Wapo wanaoulizwa kama wangependa mtoto akae kwenye kituo cha uuguzi cha kudumu. Kwa miezi michache, nyumba ikitafutwa au mama akijifungua, huweza kuwa daraja la haki kabisa; kuna manesi usiku kucha na wazazi wanapumua. Angalia tu lisiwe daraja lisilo na ng'ambo. Julai 2023 jaji wa mahakama ya shirikisho aliamua kwamba Florida iliwaweka watoto kwenye vituo hivyo isivyo lazima kwa kutowapatia uuguzi wa nyumbani. Ukikubali, itakiwe tarehe ya kurudi nyumbani, kwa maandishi.

Wewe uko wapi?

Mtoto ana traki na mashine ya usiku, na wazazi wote wawili mnafanya kazi: anza na nesi wa usiku, hata kama kwa sasa zinapatikana zamu nne kati ya saba. Kama mjini kwenu kipo kituo cha mchana, mpeleke siku mbili tatu. Msikubali kuondoka hospitalini mpaka wakala aseme zamu ya kwanza ni tarehe gani na nesi wake yupo.

Mtoto analishwa kwa mrija, ana kifafa kinachodhibitiwa na dawa, ila anapumua mwenyewe: mzazi kuajiriwa kunaweza kutosha, pamoja na kituo au shule. Hapa nesi wa usiku huenda asiidhinishwe, na kupigania saa hizo mwaka mzima kunakula nguvu mnazozihitaji kwingine.

Uko peke yako na watoto: usitegemee njia ya pili pekee, hata mshahara ukivutia vipi. Tafuta mtu mzima mwingine wa kanisani, msikitini au wa ukoo, mwende naye kufundishwa hospitalini. Wengi huitika wakiombwa jambo mahususi, "njoo Jumanne saa nne ufundishwe kuvuta makohozi," kuliko wakiombwa msaada kwa jumla.

Mnaishi mji mdogo na wakala hana mtu: angalieni kwenye jumuiya. LPN Wakenya na Wakongo ni wengi Marekani. Nesi mnayemfahamu anaweza kuomba kazi kwa wakala wenu na kupangiwa nyumba yenu. Faida ni lugha. Hasara ni hiyohiyo lugha, kwa sababu anayezielewa simu zenu zote atakutana na shangazi yenu kwenye harusi. Mkumbusheni mapema kwamba leseni yake inamfunga kutunza siri.

Umeingia kama mkimbizi na bado huna kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu: sheria iliyotiwa sahihi Julai 4, 2025 inabadilisha nani anastahili Medicaid ya serikali kuu kuanzia Oktoba 1, 2026, na wakimbizi wasio na kadi wameguswa. Majimbo yanaweza kuwa na njia nyingine kwa watoto. Mkimbizi huomba kadi baada ya mwaka mmoja nchini. Kama mwaka umepita, nenda kwa mwanasheria wa msaada wa bure wiki hii, wewe na mtoto.

Umeme wenu hukatika: kabla ya kuchagua njia yoyote, pigieni kampuni ya umeme mwandikishe nyumba kuwa ina mgonjwa wa mashine, na muulize hospitali kuhusu betri ya akiba. Kule Texas Februari 2021 nyumba nyingi zilikaa siku kadhaa bila umeme kwenye baridi kali. Kuandikishwa hakuzuii giza, kwa hiyo mjue pia mtaenda wapi likiingia.

Mtoto amefikisha miaka kumi na kitu na mambo yametulia: EPSDT inakoma akifika 21, na weva za watu wazima zina orodha za kusubiri, kule Texas baadhi husubiriwa zaidi ya miaka kumi. Jina linaweza kuandikwa akiwa bado mtoto. Yule baba wa kiwandani aliandikisha la mwanawe akiwa na miaka miwili na nusu, kwa simu, wakati wa mapumziko ya kazini, mkalimani akiwa laini ya tatu.